Gari lako la Japani linaweza kuwa na tairi za theluji. Mimi nilijua hivyo nikiwa nimekwama njia ya Leparua

Toka nje kidogo. Ndiyo, sasa hivi, na simu yako mkononi. Nenda kwa gari lako, au la mathe, au lile la kaka yako ambalo unaambiwa uoshe kila Jumapili. Washa tochi, chuchumaa kando ya tairi na usome maandishi yaliyo pembeni. Soma yote, usiishie kwa jina la kampuni. Ukiona neno STUDLESS, au mchoro mdogo wa mlima wenye vilele 3 na chembe ya theluji ndani yake, rudi hapa tuongee. Usipoona kitu kama hicho, rudi tu, kwa sababu bado kuna mengine ya kuangalia.

Mimi sikuangalia. Niliendesha Fielder yetu miezi 5 nikiwa na tairi za theluji, Nairobi hii, na nikazishukisha nazo hadi Isiolo. Sikujua. Nilichojua ni kile ambacho jamaa wa yadi alituambia mimi na kaka yangu siku tunalipa depo: "Hizo ni tairi za Japani, original, bado zina meno. Mtatembea nazo mwaka mzima." Meno yalikuwapo kweli. Shida ni kwamba yalikuwa meno ya kutafuna barafu.

Nitakueleza yaliyonipata, halafu nikupe yale niliyojifunza baadaye ili usilipe karo niliyolipa mimi.

SAFARI YENYEWE

Ilikuwa Aprili, mvua ya masika imeshika. Shangazi yangu ameolewa Leparua, kaunti ya Isiolo, na alikuwa amekuja Nairobi kufanyiwa upasuaji wa jicho. Daktari alimruhusu arudi nyumbani, lakini akasema asipande matatu yenye vumbi na msongamano, na dawa ya matone isikose hata mara moja. Basi mpwa mwenye gari ni nani? Ni mimi. Nilishaacha chuo mwaka wa 2, nilikuwa nabeba wateja wa teksi ya aplikesheni, na kwa mara ya kwanza familia ilikuwa na kazi ambayo ni mimi tu ningeweza kuifanya. Nilioga, nikajaza tangi, tukang'oa nanga alfajiri.

Barabara unaijua. Thika, Sagana, Karatina, Nanyuki, unavuka ikweta, unapanda Timau. Hapo Timau uko juu ya mita 2,000, baridi, mashamba ya ngano, na asubuhi ikiwa safi unaona theluji kwenye Mlima Kenya upande wa kulia. Hiyo ndiyo theluji pekee Kenya nzima, na hakuna gari linaloifikia. Kisha barabara inaanza kuteremka kwenda Isiolo, mji ulio kwenye mita 1,100 hivi. Ni mteremko mrefu wa lami nzuri, na huo uzuri wa lami ndio unaokudanganya ukanyage mafuta.

Mvua ilikuwa imenyesha, lami imelowa. Mbele yangu kulikuwa na lori. Lori likawasha taa za breki, nami nikakanyaga. Gari likatetemeka chini ya mguu, ile krrr krrr ya breki za kisasa zikijaribu kushika, na tukaendelea kwenda. Nakwambia tuliendelea kwenda. Nilikuwa nimeacha nafasi ambayo siku zote ilinitosha, na siku hiyo haikutosha. Tulisimama huku bampa ya lori ikiwa imejaa kioo changu chote. Ningenyoosha mkono dirishani, ningesoma namba zake kwa vidole.

Shangazi, jicho moja limefungwa bandeji, aliuliza polepole, "Mwanangu, tumefika?"

Nikamwambia bado.

LAMI INAPOISHA

Nilidhani hiyo ndiyo hatari ya siku. Kumbe ilikuwa nusu yake.

Leparua haiko kwenye barabara kuu. Ni upande wa machweo wa mji wa Isiolo, jirani na hifadhi ya Lewa, nchi ya wafugaji na migunga. Ukiacha mji, lami inaisha na unaanza kutembea juu ya changarawe, mawe yenye ncha, na laga, yaani mito ya mchanga ambayo mwezi mmoja ni mikavu kabisa na mwezi mwingine inabeba gari. Kwenye ramani ya simu ni safari fupi. Ramani ya simu haina mawe.

Jiwe la kwanza lilinipata kwenye kona. Halikutoboa uso wa tairi, lilipasua ubavu. Mkato kama wa kisu, upepo wote ukatoka kwa sekunde chache. Nikatoa spea, ile nyembamba inayokaa kama donati, ambayo imeandikwa wazi kwamba ni ya dharura na usizidishe kilomita 80 kwa saa. Nikaifunga. Hatukufika mbali, tairi ya nyuma nayo ikaanza kulala. Nilipochunguza nikapata miiba 3 ya mgunga imezama kwenye mpira kama pini kwenye mto wa fundi cherehani.

Sasa hesabu na mimi. Tairi 2 zimekufa, spea moja imeshatumika, mtandao wa simu unakuja na kuondoka, saa 11 jioni, na mama mwenye jicho lililoshonwa anayehitaji dawa kabla ya kulala. Nimewahi kuwa na aibu maishani, hata siku ya kumwambia baba kwamba sirudi chuo. Lakini aibu ya kusimama kando ya gari lako mwenyewe huku shangazi yako ameketi juu ya jiwe akikuambia "usijali, mwanangu" iko kiwango kingine.

Boda ilipita. Kijana yule hakubishana bei hata kidogo. Alimtambua shangazi, akamfunga shuka kichwani kuzuia vumbi, akampeleka nyumbani polepole. Mimi nililala ndani ya gari. Asubuhi yuleyule kijana alirudi, tukafunga tairi 2 nyuma ya pikipiki yake kwa mpira, tukarudi Isiolo mjini kutafuta fundi.

"KIJANA, UNAENDA KUTEREZA WAPI?"

Fundi wa pancha tuliyempata ni mzee wa makamo mwenye kibanda, kompresa na mkono mmoja uliojaa makovu ya moto. Aliigeuza tairi ya kwanza, akapitisha kidole kwenye meno yake, akacheka mpaka akaketi.

"Kijana, hii ni ya barafu. Unaenda kutereza wapi?"

Nikamwambia, mzee, mimi natoka Nairobi tu.

Akanionyesha. Ukiangalia karibu, kila jino la tairi ile limekatwa mikato mingi myembamba sana, kama nywele. Ukibonyeza kwa kucha, mpira unaingia ndani. Kisha akachukua tairi ya kawaida iliyotumika, akaniambia nibonyeze hiyo. Ilikuwa ngumu, kucha ikabaki juu. "Yako imetengenezwa iwe laini kwenye baridi," akasema. "Sasa umeileta Isiolo."

Somo lote liko hapo. Mengine niliyasoma baadaye usiku kwenye simu, nikiwa na hasira.

TAIRI YA THELUJI NI NINI HASA?

Mpira wa tairi hubadilika kwa joto na baridi. Tairi ya kawaida, ile ambayo Ulaya wanaiita ya kiangazi, huanza kukakamaa hewa ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Ikikakamaa haishiki barabara. Kwa hiyo watu wa nchi za baridi hutengeneza tairi ya mpira tofauti, unaobaki laini hata kwenye barafu, na wanaikata ile mikato midogo ili iume theluji na kufyonza utando wa maji ulio juu ya barafu. Kampuni moja ya Finland, ambayo leo inaitwa Nokian, ilianza kuuza tairi ya majira ya baridi mwaka 1934. Si kitu cha jana.

Japani nao wana theluji nyingi, hasa Hokkaido na kaskazini mwa kisiwa cha Honshu. Zamani walitumia tairi zenye misumari ya chuma. Misumari ilishika barafu vizuri, lakini barafu ikiisha ilikwangua lami na kujaza miji vumbi, mpaka mwaka 1990 wakatunga sheria ya kuizuia. Ndipo tairi zisizo na misumari zikatawala. Hiyo ndiyo maana ya neno STUDLESS unaloliona ubavuni: bila misumari. Bridgestone walitoa Blizzak mwaka 1988, Yokohama wana iceGUARD, Dunlop wana Winter Maxx. Ukiona majina hayo kwenye gari lako, sasa unajua.

Kwao si tairi mbaya, kwao ni uhai. Québec kule Kanada huwezi kuendesha gari lako kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15 bila tairi za baridi. Uswidi ni Desemba 1 hadi Machi 31 barabara zikiwa na barafu. Muulize binamu yeyote aliye huko. Atakuambia ana seti 2, moja ya baridi na moja ya kiangazi, au amenunua zile za misimu yote, ambazo zinajaribu kufanya kazi zote mbili. Za misimu yote si bingwa wa barafu na si bingwa wa joto, lakini kwa mtu wa mjini ambako theluji ni ya siku chache, zinamtosha.

Sasa wewe uko wapi kwenye hesabu hiyo? Hata Nairobi ya Julai, ile ya watu kuvaa jaketi mbili, mchana haikai chini ya nyuzi 7. Isiolo mchana hupita 30, na lami yenyewe ni moto zaidi ya hewa. Ule mpira laini ukikutana na lami hiyo, mambo 3 hutokea.

Kwanza, unaisha haraka, kama chaki. Pili, gari linayumba kidogo kwenye kona, kwa sababu yale meno yaliyokatwakatwa yanapindana kama sifongo. Tatu, na hili ndilo lililokaribia kutuua Timau, breki zinachukua nafasi ndefu zaidi, hasa lami ikilowa.

Watu husema, "lakini tairi ya theluji si ndiyo inashika maji vizuri?" Hapana. Barafu na lami yenye maji ni vitu viwili. Ukiwa kilomita 100 kwa saa unakula karibu mita 28 kila sekunde. Ukikosa mita 5 mwishoni, hizo mita 5 ndizo urefu wa gari lako, na mbele yake kuna mtu.

ZINAFIKAJE HUKU?

Hakuna njama. Sheria yetu inaruhusu gari lililotumika likiwa halijapita miaka 8, na mengi hutoka Japani kwa sababu wao pia huendesha upande wa kushoto. Mjapani anayeishi kwenye theluji ana seti 2. Akiuza gari, linaondoka na seti iliyofungwa siku hiyo. Akiuza Januari, au akiamua kubaki na ile nzuri, wewe unapokea Mombasa gari lenye tairi za barafu. Yadi nyingine hubadilisha, nyingine huacha, na muuzaji mwenyewe huenda hajui tofauti. Yetu ilikuwa ya kuacha.

Kitu kingine ambacho mzee alinionyesha ni umri. Ubavuni kuna herufi DOT na mwisho wake namba 4. Namba 2 za kwanza ni wiki, 2 za mwisho ni mwaka. Ukiona 4516, tairi hiyo ilitengenezwa wiki ya 45 ya mwaka 2016. Zangu zilikuwa na umri sawa na gari. Mpira huzeeka hata ukiwa haujatumika. Hukauka na kupasuka nyufa ndogo. Kampuni kadhaa kubwa hushauri tairi ikifika miaka 5 ikaguliwe kila mwaka, na ikifika 10 itolewe hata kama meno yapo. Jua la Isiolo halikusaidii kwenye hilo.

SASA TUNUNUE NINI?

Hapa ndipo nilitaka mzee anipe jina moja nikanunue niende zangu. Hakunipa. Aliniuliza swali: "Kwa siku 10 za kuendesha, ngapi ni za lami na ngapi ni za mawe?" Jiulize hivyo kabla hujaingia kwa duka lolote.

Kama 9 kati ya 10 ni lami, nunua tairi ya kawaida ya barabara. Kwenye magari makubwa imeandikwa H/T. Hii ndiyo "misimu yote" yetu. Misimu yetu si ya theluji, ni ya vumbi na ya mvua, na tairi hii ina mifereji ya kutoa maji na mpira unaovumilia joto. Inatumia mafuta kidogo, haina kelele, na ndiyo inayosimama haraka lami ikilowa. Usidharau kwa sababu haina sura ya kutisha.

Kama ni nusu kwa nusu, na gari lako ni la juu kidogo, angalia A/T. Meno yake ni makubwa, ubavu mara nyingi ni mnene zaidi, na mawe ya Leparua itayaheshimu lakini haitayaogopa. Gharama yake: ni nzito, inakunywa mafuta zaidi, inanguruma kwenye lami, na kwenye lami iliyolowa nyingi hazisimami upesi kama H/T nzuri.

M/T, zile za matope zenye meno kama mamba, waachie watu wa Land Cruiser wanaoishi porini. Ukizifunga Nairobi ili upige picha, utalipa kwa mafuta, kwa kelele na kwa breki.

Na kama gari lako ni Probox au gari jingine la kubeba mizigo, angalia tairi zenye herufi C mwisho wa saizi na maandishi kama 8PR. Hizo ni za kazi, zina ubavu imara wa kubeba uzito. Mzee alisema kwa barabara zao za ndani, angependa kuniona na hizo kuliko tairi laini ya saluni. Lakini saizi lazima ilingane na rimu na kibandiko cha gari lako, usilazimishe.

Usichanganyikiwe na alama ya M+S. Maana yake ni matope na theluji, na A/T nyingi wanaandikiwa bila kuwa tairi za baridi kamili. Alama inayokuambia kwamba hii ni ya theluji kwelikweli ni ule mlima wenye chembe. Kwenye tairi za Japani, lile neno STUDLESS linamaliza ubishi.

Nitakuwa mkweli kwako kama mzee alivyokuwa mkweli kwangu. Nilimuuliza, je, ningekuwa na tairi mpya ya kawaida, lile jiwe lingenipasua? Akasema pengine lingekupasua vilevile. Ubavu wa tairi ya gari dogo ni mwembamba, uwe wa theluji au wa jua. Kilichonikwamisha si tairi peke yake. Nilikwenda mwendo wa lami kwenye barabara ya mawe, nikiwa na spea ya donati na bila pampu.

YA KUSOMA KWENYE UBAVU

Chukua mfano wa 195/65R15 91H. Ya kwanza, 195, ni upana kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo. 15 ni rimu kwa inchi. 91 ni uzito, yaani kila tairi inabeba kilo 615. H ni mwendo, hadi kilomita 210 kwa saa. Tairi nyingi za theluji za Japani zina herufi Q, yaani 160. Kwa mawe, ubavu mrefu ni rafiki yako. Zile rimu kubwa zenye tairi nyembamba kama utepe ni nzuri Westlands, lakini Leparua ni mazishi.

Ndani ya mifereji kuna vituta vidogo. Meno yakilingana na vituta hivyo, yamebaki milimita 1.6, na tairi imekwisha. Usikubali mtu akuchongee meno mapya kwa kisu cha moto kando ya barabara. Anachonga mpira unaolinda waya, na siku ikipasuka ukiwa mbio hutakuwa na nafasi ya kumpigia simu.

Upepo upime asubuhi tairi zikiwa baridi, kwa kipimo kilicho kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, si kwa macho. Tairi isiyo na upepo wa kutosha hupata joto sana, na joto ndilo huua. Ukiingia mchanga wa laga unaweza kupunguza hadi 20 hivi ili tairi itandaze, uende polepole, lakini ukirudi kwa lami ujaze tena kabla hujaongeza mwendo. Ndiyo maana pampu ndogo ya kuchomeka kwa kiberiti cha gari si anasa. Na laga ikiwa na maji, tairi yoyote ile, usiingie. Subiri.

Pancha ya uso wa tairi huzibwa. Pancha ya ubavu haizibwi, hata fundi akuahidi nini. Na ukipata pesa za tairi 2 tu, nunua zinazofanana, funga nyuma. Ukiweka nzuri mbele na mbovu nyuma, siku ya mvua mkia wa gari utakupita.

PESA

Najua unachowaza: tairi zimeshakuja na gari, ni za bure, kwa nini nitupe? Mimi nilifikiri hivyohivyo. Tairi 4 mpya za kawaida zilinigharimu Sh34,000, pesa ambazo sikuwa nazo. Kaka alikopa chama, nikamlipa kwa miezi. Zamani angalau tulikuwa na kiwanda chetu. Kile kilichoanza mwaka 1969 kama Firestone East Africa, baadaye Sameer Africa, kilitengeneza tairi za Yana papa hapa Nairobi hadi kilipofunga uzalishaji mwaka 2016. Leo karibu kila tairi unayoona dukani imepanda meli, na bei inapanda pamoja na dola.

Kwa hiyo fanya hivi: usinunue gari halafu uanze kutafuta pesa za tairi. Weka tairi kwenye bei. Siku ya kukagua gari kwenye yadi, soma ubavu wa zote 4 na spea. Ukikuta za theluji au za miaka 7, sema hapo hapo, kabla hujatoa depo: ama wabadilishe, ama wapunguze. Baada ya depo, sauti yako hupungua. Ya kwetu tulipowapigia walicheka, wakasema tungeangalia. Walikuwa sahihi, tungeangalia.

Huwezi zote mara moja? Basi punguza mwendo, ongeza nafasi mbele yako mara mbili mvua ikinyesha, na usibebe roho ya mtu mteremko wa Timau mpaka umezibadilisha.

ZILIPOISHIA

Shangazi alipata dawa yake usiku ule, na jicho lilipona. Sasa anaona vizuri kiasi cha kuniambia nimekonda. Tairi zangu za Hokkaido, zile zilizobaki nzima, nilizipeleka Leparua safari iliyofuata, nikiwa na wazo kwamba zitafaa kushonwa akala. Jamaa anayeshona akala alizibonyeza kwa kidole gumba, akatikisa kichwa. "Waya nyingi, na mpira huu ni laini. Utaisha kabla ng'ombe hawajafika malishoni."

Alichosema fundi wa pancha, na kilichoandikwa na kampuni kubwa, mshona viatu alikijua kwa kidole. Shangazi akazikata katikati, na leo mbuzi wake wanakunywa maji humo.

Haya, zima simu, shuka uangalie. Namba 4 za DOT, alama ya mlima, vituta vya mifereji, na spea. Ni dakika 5. Mimi ziliniponea mkononi pa lori.